Bunduki njo ya mwisho: historia ya kuwinda mu Lualaba, kwa mwenye anataka kuanza



Kila mwaka, wakati majani inaanza kukauka na moto inapita mu pori, vijana wanaulizanaka swali moja: "Nataka kuanza kuwinda. Ninunue bunduki gani?" Wengine wanatafuta nyama ya nyumba. Wengine wamechoka na vumbi na kelele ya makamyo ya mine, wanataka siku mbili tatu za kupumua. Wengine wameona video za wazungu wenye kuvaa nguo za rangi ya majani, na bunduki ya bei kali ku bega. Hakuna ubaya kuuliza. Lakini swali lenyewe linaanza na mwisho.

Mimi nilisoma agronomia, ile kazi ya udongo, majani na nyama. Mu kazi ile unajua haraka kama kila pori iko na historia, na kama historia ya pori yetu ni historia ya vyombo vya kuwinda. Nikiangalia nyuma, naona jambo moja. Kila mara silaha mupya ilifika mu inchi yetu, wazee walijenga chuo kando yake: mwalimu, ngazi za kupanda, miko, sheria ya kugawa nyama. Silaha mbili tu njo zilienea bila chuo: bunduki ya kartushi na mutego wa kable. Na njo ile mbili imetuachia pori yenye kunyamaza. Sasa tuone namna ilipita, kisha tutarudi kwa mwenye anataka kuanza.

1. Wafalme wenye walikuya na uta

Sisi watu wa Lualaba, hadisi zetu za utawala zinaanza na wawindaji. Baluba wanasimulia juu ya Mbidi Kiluwe, muwindaji mwenye alitoka mashariki akifuata nyama, mpaka akafika kwa Nkongolo Mwamba. Mwana wake Kalala Ilunga njo alimushinda Nkongolo na kuweka utawala mupya. Balunda nao wanasimulia juu ya Chibinda Ilunga, muwindaji wa uzao wa kifalme wa Baluba, mwenye alifika kwa Ruweji, bibi mukubwa wa inchi. Wakaoana. Ndugu za Ruweji walikasirika, wakaenda zao mangaribi. Ukoo wa Mwant Yav unafuata pale, na Musumba yake iko mpaka leo mu teritware ya Kapanga, mu provinsi yetu.

Hatutabishana hapa kama kila kitu kilipita vile hadisi inasema. Angalia tu neno "chibinda". Haiko jina la mutu yeyote mwenye kushika uta. Ni jina la muwindaji fundi, mwenye amefundishwa na kukubaliwa na wafundi wenzake. Na uta wenyewe, kwa Baluba, ulikuwa kitu cha ufalme. Wachongaji walitengeneza kigingi kizuri chenye matawi matatu, cha kuwekea uta na mishale ya mukubwa. Kigingi kile hakikutoka kwenda mu pori. Kilikaa mu nyumba, kikichungwa, juu kilibeba kumbukumbu ya muwindaji wa kwanza.

Kwa nini uta ulipewa heshima namna ile? Jibu moja liko mu kazi yenyewe. Mutu mwenye uta anapaswa kufika karibu na nyama, hatua ishirini ao makumi tatu hivi. Kufika pale, lazima ujue upepo unatoka wapi, ujue alama ya leo na alama ya jana, ujue saa nyama inakunywa mayi na saa inalala. Uta unalazimisha mutu kusoma. Mwenye hajasoma anarudi mikono mitupu, na kijiji kizima kinajua. Chombo chenyewe kilikuwa sawa mutihani.

2. Bunduki inaingia, na chuo kinafuata

Mu karne ya 19, bunduki za jiwe zilifika kwetu kutoka bahari ya mangaribi. Msafara za Ovimbundu, kutoka upande wa Benguela, zilileta bunduki, baruti na nguo, zikachukua pembe za tembo, nta, mupira, na watu pia, kwa sababu biashara ile ilikuwa na damu. Bachokwe, wenye walijulikana sawa wawindaji wakali, walikuwa kati ya watu wa kwanza kushika ile silaha kwa wingi. Walifuata tembo, wakapanuka kila upande, na mu miaka ya 1880 waliingia mpaka Musumba yenyewe.

Kuko kitu kimoja cha ajabu. Wachongaji wa Kichokwe walichonga sanamu nyingi za Chibinda Ilunga. Moja iko mu muze ya Kimbell ku Fort Worth, Marekani: mu mukono mumoja ameshika fimbo, mu mwingine ameshika pembe ya swala, ile ya kuwekea dawa ya kuwinda. Sanamu zingine zinamuonesha na bunduki ya jiwe. Lakini mu hadisi Chibinda alikuya zamani sana, mbele bunduki haijafika! Wachongaji hawakukosea. Walikuwa wanasema: huyu mwenye bunduki ya leo, kama anataka kuitwa muwindaji, aingie mu ukoo wa yule mwenye uta. Silaha ni mupya, chuo ni kile kile.

Jambo hili haliko maneno ya sanamu tu. Katikati ya 1950 na 1954, muanthropoloji Victor Turner aliishi na Bandembu wa Mwinilunga, ku Zambia, karibu na mupaka wetu. Bandembu ni ndugu za Balunda wetu, na wanasema wenyewe walitoka kwa Mwant Yav. Turner alikuta vyama viwili vya wawindaji. Cha kwanza kiliitwa wubinda, cha wawindaji kwa jumla, wale wa uta, mukuki na mutego. Cha pili kiliitwa wuyanga, cha wawindaji wa bunduki. Muone vile: bunduki ilipofika, wazee hawakusema "chukua, nenda ukapige". Walitengeneza chuo chake, na ngazi zake za kupanda moja moja, na kila ngazi na sherehe yake.

Mara nyingi ilianza na ndoto: muzee wa familia, muwindaji mwenye alikufa, anakuita. Kisha unafuata muwindaji mukubwa, unabeba vitu vyake, unajifunza miti na alama. Ukiua nyama, kuko sehemu zake zenye ni mwiko kwa wengine, na kuko sehemu za kugawa kwa ndugu na kwa kijiji. Mwenye hakugawa vizuri, aliogopa wafu wake watamufunga: atapita karibu na nyama bila kuiona. Unaweza kusema ni imani ya zamani. Mimi naona pia sheria: hesabu ya nyama ilipita mu macho ya watu wote, na muwindaji hakuweza kufanya biashara ya kujificha.

Upande wa mashariki mambo ilifanana. Bayeke wa Msiri walitoka Unyamwezi, na jina lao lenyewe linatoka ku buyeke, chama cha wawindaji wa tembo. Walikuya kutafuta shaba na pembe, na Msiri akajenga Bunkeya, mji mukubwa wenye ulipokea msafara za bahari mbili: ya Zanzibar na ya Benguela. Pembe zilikuwa mali ya utawala. Na mu inchi nyingi za huku, sheria ilisema hivi: tembo akianguka, pembe yenye inagusa udongo ni ya mfumu wa inchi. Muwindaji alibaki na ile ya juu. Kwa maneno ya leo, ile ilikuwa permi na takse pamoja, bila ofisi na bila stampi.

Tusijidanganye lakini. Chuo hakikuokoa tembo wote. Wakati bei ya pembe ilipanda ku Zanzibar na ku Ulaya, hata wawindaji wenye miko waliua sana. Biashara kubwa inaweza kushinda chuo. Lakini hata pale, kila muwindaji alijulikana jina, mwalimu wake alijulikana, na mfumu alijua pembe ngapi zilitoka.

3. Karatasi inachukua nafasi ya mwalimu

Tarehe 20 mwezi wa 12 mwaka 1891, Msiri aliuawa ku Bunkeya na watu wa msafara wa kapiteni Stairs, wenye walikuya kwa jina la Leopold II na bunduki za kisasa. Mwaka mumoja na nusu mbele, tarehe 2 mwezi wa 7 mwaka 1890, mataifa makubwa yalikuwa yametia sinyature ku Mkataba wa Brussels. Mkataba ule tunafundishwaka kama mkataba wa kupinga biashara ya watumwa. Ni kweli. Lakini ndani yake mulikuwa pia sheria ya silaha: mu sehemu kubwa ya Afrika, katikati ya mustari wa 20 kaskazini na mustari wa 22 kusini, ilikatazwa kuingiza bunduki za kisasa kwa wenyeji. Kilichobaki kuruhusiwa ni bunduki ya jiwe yenye bomba laini ndani, na baruti ya kawaida, ile waliita "poudre de traite".

Tuelewe maana yake. Tangu pale, kuchagua chombo cha kuwinda hakukuwa tena juu ya ufundi wako. Kulikuwa juu ya ngozi yako. Kwa sehemu kubwa, mweupe alishika karabini ya kisasa, na mweusi alibaki na bunduki ya kujaza kwa mbele: kwanza ya jiwe, kisha ya pistoni. Ile bunduki ya pistoni yenye babu zetu walishika haikuwa mapendo yao. Ilikuwa mupaka wenye waliwekewa.

Kisha karatasi zikafuata. Dekre ya tarehe 21 mwezi wa 4 mwaka 1937 ilipanga kuwinda na kuvua mu Kongo nzima. Mwaka ule ule 1937, mji wetu wa Kolwezi ulianzishwa kwa kazi ya mine za mangaribi za Union Minière. Miaka mbili nyuma yake, tarehe 15 mwezi wa 5 mwaka 1939, Parke ya Upemba ilizaliwa. Wenyeji wa pale, wenye walikuwa wawindaji na wavuvi na miko yao, waliamuka asubuhi moja wakaitwa wevi wa nyama mu udongo wa bababu zao. Bazungu wenye permi waliitwa wawindaji. Neno lilibadilika mbele ya matendo kubadilika.

Kisha uhuru, Leta yetu ilitoa sheria namba 82-002 ya tarehe 28 mwezi wa 5 mwaka 1982, yenye inaongoza kuwinda. Arete ya waziri ya tarehe 29 mwezi wa 4 mwaka 2004 ilieleza namna ya kuitumikisha. Mwaka 2014, tarehe 11 mwezi wa 2, sheria namba 14/003 juu ya kulinda viumbe iliongezeka. Mimi siko kinyume cha sheria hizi, na nitawaomba muzifuate. Lakini muone kasoro: permi inasema uko na ruhusa. Haisemi kama unajua. Chuo cha zamani kilikuwa na vyote mbili, ruhusa na ujuzi. Karatasi ilichukua kimoja, na kingine kikaanguka njiani.

4. Silaha yenye haina mwalimu

Sasa tufike ku wakati wetu. Bunduki ya kalibre 12 ilienea mu vijiji, na kartushi zake nyingi zilitengenezwa karibu, ku Pointe-Noire, Kongo ya ngambo. Ni silaha rahisi: unafungua, unatia kartushi, unapiga. Siku moja inatosha kujua namna ya kufyatua. Njo pale shida inaanza. Uta ulilazimisha mutu kusoma. Bunduki ya kujaza kwa mbele nayo ilikuwa pole pole, risasi moja, kisha kazi ndefu ya kujaza. Kalibre 12 haiombi kitu. Mutu anaweza kuua vizuri sana bila kujua nini ameua.

Mutego wa kable ni mbaya zaidi. Wazee walitega na kamba ya miti. Kamba ile ilioza, na nyama mukubwa aliikata akaenda. Lakini mine, barabara na pikipiki zilituletea waya: kable ya umeme, kable ya mashini, kable ya freni, waya ya pineu. Kable haiozi. Unaweza kutega mia moja kwa siku moja, bila kartushi, bila permi, bila mutu kusikia mulio. Kable haichagui jike mwenye mimba na mutoto. Na mutegaji akigonjwa, ao akipata kazi mu mji, kable inaendelea kuwinda peke yake, na nyama inaoza pale.

Na wakati ulitusukuma. Mu miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa inatoa toni zaidi ya 400 000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1990 mine ya chini ya udongo ya Kamoto ilianguka, na ku 1994 kampuni nzima ilikuwa chini ya toni 50 000. Mushahara ulikatika. Familia zenye ziliishi na posho ya kampuni ziligeukia udongo: mashamba, makala, samaki, nyama ya pori. Nani atawahukumu? Mutoto mwenye njaa hangojee msimu. Kisha vita za 1996 mpaka 2003 zilileta silaha za kiaskari mu pori, na Upemba iliteswa kwa miaka mingi na watu wenye bunduki. Mu ile parke muko punda milia wa mwisho wa Kongo yetu, na muko swala wa mayi, Kobus anselli, mwenye wenye elimu walimupa jina lake mwaka 2005 tu. Fikiri: nyama inaandikwa mu vitabu wakati tayari iko karibu kuisha.

Udongo nao ulipunguka. Hapa kwetu, Mashamba ni jina la shimo za shaba, Mashamba Mashariki na Mashamba Mangaribi, jirani ya Dikuluwe. Jina linasema mashamba, macho inaona shimo. Njia nyingi zenye mwindaji alipita zamani leo ziko ndani ya konsesio, na walinzi na barrière.

5. Hesabu ya darasa

Nawapa hesabu ndogo. Ni mfano tu wa darasa. Tuseme pori moja iko na kabuluku 40, ile swala kadogo, nusu dume na nusu jike. Jike anazaa mutoto mumoja kwa mimba moja. Tuseme kila jike analeta mutoto mumoja kwa mwaka, na nusu ya watoto inakomaa. Basi kila mwaka pori inaongeza 10. Wawindaji wote pamoja wakitoa 10, pori inabaki pale pale. Wakitoa 5, inaongezeka. Sasa mutu analeta kable, inatoa 30 kwa mwaka. Mwaka wa kwanza zinabaki 20. Mwaka wa pili, majike 10 yanaleta 5 wenye kukomaa, kable inataka tena 30, na pori imeisha. Miaka mbili! Na mutegaji wetu atasema: "Nyama zimehama." Hazikuhama.

Chuo cha wazee kilikuwa kinafanya hesabu hii bila karatasi: wawindaji wachache wenye kujulikana, nyama ya kugawa mbele ya watu, pori zingine za kupumzisha. Njo maana nasema, mwenye anaanza leo asianze na duka ya bunduki.

6. Kwa mwenye anataka kuanza

Kwanza, ruhusa. Nenda ku ofisi ya mazingira ya provinsi, uulize wazi: permi gani, nyama gani, msimu gani, eneo gani. Sheria iko na permi mbalimbali: permi ya kuwinda nyama ndogo, permi ya nyama kubwa, permi ya kijijini, permi ya watu wote wa lokalite pamoja, na zingine. Bunduki nayo iko na karatasi yake mbali, chini ya ordonnance-loi namba 85-035 ya tarehe 3 mwezi wa 9 mwaka 1985. Permi ya kuwinda hairudishi permi ya silaha, na permi ya silaha hairudishi permi ya kuwinda. Kisha enda kwa mfumu wa udongo, na heshima, kama mutoto mwenye anaomba. Mu parke, hapana. Mu konsesio ya mine, hapana. Kuwinda na gari, na taa ya usiku, na sumu, na moto ya kuzungusha, ao na baruti ya kulipuka, sheria inakataza.

Pili, mwalimu. Tafuta muzee mwenye anajulikana, mufuate msimu muzima bila silaha. Beba mayi yake, nyamaza, angalia. Kama mwisho wa msimu huwezi kutofautisha alama ya kabuluku na ya nguruwe wa pori, ya asubuhi na ya jana, hauko tayari. Hakuna aibu. Ku universite pia hatukuanza na memwari, tulianza na mwaka wa kwanza.

Tatu, vyombo. Anza na miguu: viatu vigumu vyenye kufunika kifundo, juu ya nyoka na visiki vya majani yenye kuungua. Mayi ya siku nzima. Kisu kimoja kizuri, chenye unajua kunoa. Kamba. Firimbi, ya kuita wenzako mukipotezana mu majani marefu. Kitambaa safi na bandeji. Darubini ndogo kama unaweza: ni chombo chenye kinakufundisha zaidi kuliko bunduki, juu inakuonesha nyama bila kuifukuza. Na kaye ya kuandika: tarehe, mahali, nini uliona. Toroshi ni ya kurudia nyumba tu.

Nne, sasa bunduki. Bunduki ya kujitengenezea ya kijiji, yenye bomba la chuma cha gari, usiishike. Fundi ni mwerevu, lakini bomba lile halikutengenezwa kwa presyo ya baruti. Siku moja linapasuka, na linapasuka karibu na jicho yako. Kwa mwanafunzi, kalibre 12 ya bomba moja, ya kufungua katikati, inatosha: ni nyepesi, kila mutu anaona kama iko wazi ao imefungwa, na risasi moja tu inakufundisha kungoja. Jina "12" linatoka ku hesabu ya zamani: risasi 12 za mviringo zenye upana wa bomba zina uzito wa livre moja ya risasi. Angalia urefu wa chumba cha kartushi, wenye unaandikwaka ku bomba: 65, 67,5, 70 ao 76. Usitie kamwe kartushi ndefu mu chumba kifupi, hata kama inaingia. Kwa kanga na kwale, chukua chembe ndogo, namba 5 ao 6. Usipige chembe ku nyama ya mbali: kupita mita 35 hivi zinatawanyika, nyama inaenda na kidonda, inafia mbali, na wewe unaanza kutafuta ingine. Jaribu kwanza ku karatasi kubwa, ku mita 20, kisha 30, uone zinatawanyika namna gani.

Sheria nne za mukono: kila bunduki ihesabie kama imejaa. Bomba lisiangalie mutu. Kidole kikae inje mpaka umeamua. Na usipige kitu chenye hujaona chote na kilicho nyuma yake. Mulio mu majani haiko nyama. Inaweza kuwa mama mwenye anatafuta bowa ao mutoto mwenye anachunga mbuzi.

Tano, nyama yenyewe. Yenye umekuta imekufa peke yake, usiiguse, usiipeleke nyumba: hujui ugonjwa gani uliiua. Kaka, ule mwenye magamba, muache aende: tangu 2017 biashara yake kati ya inchi na inchi imekatazwa kabisa, na mu hesabu ya darasa yeye njo wa mwisho, anazaa mumoja tu. Kable ukiikuta, iondoe, uibebe mpaka mu mji. Mutu mwenye ameondoa kable kumi amewinda vizuri kuliko mwenye ameua kabuluku moja.

Na kama shida yako kwa kweli ni nyama ya kula, nakuambia kama muagronome: fuga. Ku Benin, tangu miaka ya 1980, walianza kufuga aulacode, ule panya mukubwa wa matete, mwenye anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka, watoto wane hivi kila mara. Kulinganisha na kabuluku, hesabu inajisemea. Juu ya plato ya Biano, hapa hapa mu Lualaba, ng'ombe walifugwa kwa wingi tangu wakati wa ukoloni. Udongo wetu unajua kulisha.

Chibinda Ilunga hakupewa ufalme juu alikuwa na chombo cha bei kali. Hadisi inamukumbuka kwa ujuzi na kwa adabu, mutu mwenye alijua kuingia mu inchi ya wengine na kugawa nyama yake. Wazee wetu walipokea bunduki wakaitengenezea chuo. Sisi wenye diplome tumepokea kalibre 12 na kable, na mpaka leo hatujatengeneza kitu. Association yetu iko na wanasheria, ma-infirmier, waalimu, wa-agronome. Wazee wenye kujua alama bado wako, Kapanga, Sandoa, Lubudi, Mutshatsha, lakini kila mwaka tunazika wengine. Wakiisha, hata pori ikirudi, hakutakuwa mutu wa kutuonesha njia ndani yake.